Mwaka Aliosimama Mjomba

Kazi yangu kwa miaka arobaini na kidogo ilikuwa kuhesabu watu. Nilikuwa askari wa magereza Jinja, upande wa wanawake. Niliwahesabu asubuhi kabla ya kufungua, jioni kabla ya kufunga, na kila walipotoka kwenda shambani na kurudi. Hesabu yangu haikukosea hata kichwa kimoja, na wakubwa walilijua hilo. Ndiyo maana niliona haya sana siku karani wa utumishi aliponiita ofisini na kuniambia kwamba umri wangu mwenyewe haujulikani.

Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani, na mezani alikuwa ameweka vitu viwili: faili langu la zamani lililoliwa pembeni na mende, na nakala ya kitambulisho changu cha taifa.

"Afande," aliniambia, "mimi iko na shida na wewe. Hapa faili inasema wewe nafika sitini Desemba hii. Hapa kitambulisho inasema bado miaka mbili. Sasa mimi nashika gani?"

Nikamwambia ashike adabu, mimi nilikuwa napiga kwata wakati mama yake bado hajaolewa. Alicheka, lakini faili hakulifunga. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba tarehe mbili lazima ziwe moja, la sivyo pensheni haitatoka hata kwenye mlango wa kwanza. Nitafute wakili aniandikie hati ya kiapo. Na kwa kuwa nilizaliwa nyumbani, bila kadi ya kliniki, mtu aliyekuwepo aweke kidole kuthibitisha.

"Mama yako iko?" aliuliza.

"Yuko, Mbale."

"Basi wewe iko na bahati, afande."

Mimi nilijua vizuri zile tarehe mbili zilitoka wapi, na nilijua ipi ni ya uongo. Sikumwambia.

Kwetu Bugisu, juu ya Mbale, tohara ya wavulana, imbalu, huja mwaka mmoja na kuuruka unaofuata. Wazazi wetu wasiojua kusoma waliitumia kuhesabu miaka. Hukuambiwa tarehe yako. Uliambiwa ulizaliwa mwaka aliosimama fulani, maana nyumbani kwetu hivyo ndivyo wanavyosema: kijana anasimama uani mbele ya watu wote, fimbo mabegani, macho wazi, asitikisike hata kope, mpaka ngariba amalize. Mimi niliambiwa nilizaliwa mwaka aliosimama mjomba, kaka pekee wa mama yangu. Alisimama vizuri mno. Hadi alipokufa, wazee walikuwa bado wanausimulia ule usimamaji wake kwenye vilio na harusi, na mimi nilijiona mtoto wa mwaka mzuri.

Magereza walipotangaza kuchukua wasichana, kwa hesabu hiyo nilikuwa na miaka kumi na sita. Walitaka kumi na minane. Mjomba ndiye aliyenisindikiza hadi Jinja, mji aliokuwa anaujua kila kichochoro chake kwa sababu ujanani aliwahi kufanya kazi huko kwenye kiwanda cha nguo. Tulipokuwa tumepanga foleni aliniambia, "Sema kumi na minane. Mungu hatakuandikia hilo." Alisema akiangalia pembeni, na mimi nikadhani anaona aibu kunifundisha uongo. Nikasema kumi na minane. Wakaandika.

Uongo huo ulinisumbua zaidi ya ninavyopenda kukiri. Nilikaa miaka yote nikiwafungia watu waliodanganya kwenye karatasi, na mimi mwenyewe nimo kwenye karatasi ya uongo. Kwa hiyo vitambulisho vya taifa vilipokuja nilisema, basi, huku nitubu. Nikauliza mwaka aliosimama mjomba, wazee wa rika lake wakanitajia bila kusita, nikaandikisha huo. Nilitoka pale nikijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Sikujua kwamba siku moja karani mwenye miwani atazilinganisha dhambi yangu na toba yangu mezani kwake.

Sasa ilibidi nichague, na nilichagua haraka: kitambulisho. Ndicho chenye ukweli, nilijiambia, na ukweli huo ulikuwa na miaka miwili ndani yake. Miaka miwili ya mshahara. Miaka miwili ya kuendelea kukaa kwenye nyumba ya kambi, ile ya mabati ya duara ambayo mchana inakuoka na usiku inakugandisha, lakini ni nyumba. Nyumba yangu mwenyewe, Mafubira, ilikuwa imefika kwenye paa na kusimama hapo, madirisha nimeyaziba kwa mabati. Kulikuwa pia na dawa zangu za presha, ambazo zahanati ya kambi ilinipa bila maswali. Nikirudisha sare, nitazipata wapi, na kwa pesa gani?

Semina ya wanaokaribia kustaafu haikunisaidia chochote. Walitukusanya kwenye ukumbi mmoja Mpumudde, akaja bwana mwenye viatu vilivyochongoka akatufundisha kufuga kuku. Baada ya kuku, uyoga. Baada ya uyoga akawaonya wanaume wasioe mke wa pili, na sisi wanawake tukacheka mpaka tukatoa machozi. Nilinyoosha mkono nikamuuliza: mtu mwenye magoti mabovu, nyumba isiyo na madirisha na mama asiyejua leo ni siku gani, yeye afuge nini? Akanijibu kwamba kuku wa kienyeji hawana kazi nyingi.

Mama ndiye hasa aliyenichanganya. Akili yake ilianza kutangatanga miaka mitatu kabla. Alikaa na mkaza mjomba, mke wa marehemu mjomba, wajane wawili kwenye nyumba moja pale mlimani, na mimi nilituma nilichoweza na kwenda kila nilipopata likizo. Lakini mkaza mjomba naye alikuwa mzee. Mwaka huo aliniambia kwenye simu, bila ugomvi wowote, kwamba baada ya Krismasi anakwenda kukaa na mwanawe. Mgongo umekataa, hawezi tena kumnyanyua mama kitandani. "Nimekaa naye kwa ajili ya mume wangu," alisema. "Sasa ni zamu yako."

Kwa hiyo kila siku nilikuwa na uamuzi mpya. Jumatatu nilisema nitachukua miaka miwili na kumtafutia mama msichana wa kumwangalia. Jumanne nikakumbuka msichana wa mwisho aliondoka na mablanketi. Jumatano nikasema nitamleta mama Jinja, kisha nikaitazama ile nyumba ya duara, kitanda kimoja na ukuta wa mabati, nikacheka peke yangu. Binti yangu, mwalimu kule Buwenge, alinipigia akisema, "Mama, njoo tu ukae kwetu." Kwao wamo saba kwenye vyumba viwili. Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa nafikiri mpaka kichwa kinauma, na sikuwa nimefikia popote.

Wakili aliniandikia ile hati. Ilisema kwamba mama, akiwa ndiye mzazi, anathibitisha nilizaliwa mwaka fulani, mwaka aliosimama mjomba. Chini palibaki nafasi ndogo ya kuweka kidole gumba. Nikanunua kibweta cha wino.

Safari ilijitokeza yenyewe. Tulikuwa na wafungwa wawili wa kuhamishiwa Mbale, nikaomba niwe kwenye msafara. Baada ya kuwakabidhi, dereva akanipa hadi saa tisa alasiri. Nikachukua bodaboda hadi lami inapoishia, nikapanda kilima kilichobaki kwa miguu, nikipumzika kila baada ya migomba michache na kuyalaani magoti yangu kwa sauti. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ndipo nikakumbuka kwamba gauni langu limebaki kwenye mfuko, na mfuko umebaki kwenye gari.

Sikuwahi kwenda kwa mama nikiwa na sare. Mama alikuwa haipendi, na Kiswahili alikuwa hakipendi zaidi. Katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi, Kiswahili mlangoni kilikuwa na maana moja tu: kuna kitu kitatolewa ndani, mbuzi au mtu. Aliponisikia nazungumza na kazini kwenye simu aliniuliza, "Unagombana na nani?" Nilikuwa nikibadilisha nguo mjini kila mara, nikafika kwake nimevaa gomesi, gauni letu la heshima, kama mtoto wa watu.

Siku hiyo alikuwa ameketi barazani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, blanketi limekunjwa mapajani. Mkaza mjomba alikuwa pembeni anachambua maharage kwenye ungo. Mama aliona buti zangu kwanza. Macho yake yakapanda mpaka kwenye kofia, na akajivuta nyuma hadi ukutani.

"Afande," alisema. Kwa Kiswahili! Sikujua kama anacho. "Kaka yangu hapana hapa. Iko nakwenda Jinja. Mimi hapana jua nyumba yake."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikavua kofia. "Mama, ni mimi."

"Hapana piga mimi, afande. Mimi nazaa juzi tu." Akafunua ncha ya blanketi lililokuwa mapajani, taratibu sana, anionyeshe. "Angalia. Ni msichana. Hapana amsha yeye."

Ndani ya blanketi hapakuwa na kitu. Mkaza mjomba mikono yake ilikuwa imesimama kwenye maharage.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilijaribu kusema naye Kigisu, nikamtajia jina langu la utotoni, nikamtajia majirani. Alitikisa kichwa kwa kila jina kama mtu anayekana mashtaka. Kisha aliona karatasi ikichungulia kwenye mfuko wa shati langu, akaunyoosha mkono wake wa kulia. Gumba lilitangulia.

"Kidole naweka wapi?"

Sitasema uongo hapa, nimeshasema wa kutosha. Nilikitoa kibweta cha wino nikakifungua. Lile gumba lilikuwa mbele yangu, limejileta lenyewe, na karatasi nilikuwa nayo, na mshahara wa miaka miwili ulikuwa ndani ya ile nafasi ndogo nyeupe. Nilimshika kiganja. Kilikuwa chepesi na kikavu.

"Mimi nikiweka," aliuliza, "wewe hapana kwenda Jinja kutafuta kaka yangu?"

Nikafunga kibweta. Nilimwambia, kwa Kiswahili chake kile kile, kwamba kesi imekwisha, hakuna anayemtafuta kaka yake. Alinishukuru. Mama yangu aliniita bwana na kunishukuru, na akaanza kulibembeleza lile blanketi.

Nilimfuata mkaza mjomba jikoni. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu inajulikana. Nikamuuliza: kaka gani alitafutwa na askari? Mjomba alitafutwa kwa kosa gani?

Alisogeza kuni, akapuliza, akasogeza tena. Kisha akaniambia jambo ambalo yeye na mama walikuwa wamelificha umri wangu wote. Mjomba alisimama mara moja, ndiyo, na vizuri. Lakini miaka miwili kabla ya hapo alitangaza kwamba atatahiriwa, akacheza siku zote, akapakwa unga na tope, na asubuhi ya kisu alikimbia. Walimsaka. Vijana wa kijiji walikuja na askari wa gombolola, wale wa tarafa, wakapekua nyumba, wakamkuta mama ana mtoto wa siku mbili. Mama aliwaambia amekwenda Jinja, ila hajui nyumba yake. Mjomba alikuwa huko kweli, kiwandani. Baadaye alirudi mwenyewe, bila kushikwa, akasimama kama nguzo.

"Baada ya hapo," alisema, "babu yako, baba yao, aliapisha watu wa nyumba hii wasitaje tena ile ya kwanza. Mtu aliyesimama amesimama. Lakini wewe ulikuwa kila siku unaitwa mtoto wa mwaka wa mbio. Mama yako akakasirika. Akaanza kusema ulizaliwa mwaka aliosimama. Ulikuwa mdogo wa mwili, watu wakazoea."

"Siku aliyosimama, mimi nilikuwa na umri gani?"

"Ulicheza nyuma yake," alisema. "Ulifungwa kengele mguuni, ukakataa kuvuliwa."

Nikatoka nje nikasimama uani, mahali hasa alipokimbia na mahali hasa aliposimama, maana ni uwanja ule ule. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi cha kusahau saa. Kwa hiyo niliposema kumi na minane, nilikuwa na kumi na minane. Mjomba alijua. Aliangalia pembeni kwa sababu ya mbio zake, hakukuwa na uongo wowote wa kunifundisha. Faili lililoliwa na mende ndilo lilikuwa kweli, na kitambulisho nilichokiandikisha kwa toba ndicho kilikuwa uongo. Nilikuwa nimeomba msamaha miaka arobaini kwa kosa ambalo sikulifanya, kisha nikalifanya siku niliyotaka kujisafisha. Nilitaka kumlaumu mtu. Mama? Alikuwa akimlinda kaka yake, na mimi pia. Nilimlaumu dereva, ambaye alikuwa amechelewa kunipigia simu.

Sitaki mtu adhani kwamba nilirudi Jinja nikiwa nimeamua. Hati ilikuwa bado nami, na gumba langu mwenyewe lingetosha, nani angejua? Nilijiambia pia kwamba mama amechanganyikiwa, na mkaza mjomba ni mzee, na wazee wawili wanaweza kukosea pamoja. Kisha namkumbuka mjomba akiangalia pembeni kwenye foleni, najua kwamba ni kweli. Wiki mbili nilitembea na karatasi ile mfukoni. Nilikosea hesabu ya jioni kwa mara ya kwanza maishani, nikapata mtu mmoja zaidi. Nilikuwa nimejihesabu mwenyewe.

Ukweli haukuwa ndio ulioamua. Mkaza mjomba alipiga simu kusema ameshafunga mizigo yake, na kwamba mwanawe hatangoja Krismasi.

Nilimwambia karani ashike faili. Alivua miwani.

"Afande, watu yote nakuja hapa kupunguza miaka. Wewe peke yako nakuja kuongeza. Unajua wewe natoka Desemba?"

"Najua."

"Na ile nyumba ya Mafubira?"

"Haina madirisha," nilimwambia. "Itanisubiri, haina pa kutokea."

Alicheka, akaandika, kisha akasema kitambulisho nacho kitabidi kirekebishwe, na hiyo ni safari nyingine. Bado niko kwenye safari hiyo. Pensheni nayo bado. Kila nikipiga simu naambiwa iko njiani, na sijui njia hiyo ni ipi wala ina urefu gani. Dawa nazifuata Mbale mjini, wakati mwingine zipo, wakati mwingine naambiwa nirudi wiki ijayo. Nimefuga kuku sita. Yule bwana wa viatu vilivyochongoka alisema kweli, hawana kazi nyingi, ila wanakula kuliko wanavyotaga.

Mama namnyanyua asubuhi, namwosha, namketisha barazani. Sare niliirudisha, kwa hiyo hanihofii. Lakini kunijua, hanijui. Anadhani mimi ni mwanamke aliyeletwa kumsaidia, na ananisifu kwa wageni kwamba sina mikono ya wizi. Siku nyingine natamani kumpigia kelele: ni mimi! Siku moja nilimpigia, akalia, na mimi nikalia, na jioni alikuwa ameshasahau, mimi nikabaki nayo peke yangu. Nauliza kila siku kama nilifanya sawa. Sipati jibu, napata tu uji wa kupika.

Juzi tulikuwa barazani, namkata kucha. Nilipofika kwenye lile gumba akaniambia kwamba ana binti yake, askari, yuko Jinja, mtu mkali sana. Akistaafu atakuja kukaa naye.

"Atastaafu lini?" nilimuuliza.

Akahesabu, midomo ikicheza. Alimtaja mjomba, akataja mwaka aliosimama, akakunja kidole kimoja na kingine kwa uangalifu mkubwa, asikosee.

"Bado miaka miwili," alisema. "Wewe usiondoke kabla hajafika."

Nikamwambia siondoki.